Kulilaza Jumba

Hapa baba zenu wanapoegesha magari
palikuwa na jumba. Watu waliliita Kumi na Tano.
Sidi ananyoosha mkono kabla sijameza mate:
"Ticha, kwetu Nyali flati yetu ina kumi na nane."
Haya. Kumi na nane imeishinda kumi na tano,
hesabu haina upendeleo.
Na bado sijawaambia aibu yake:
lilikuwa na ghorofa kumi na nne tu.

Vitufe vya lifti viliruka. Kumi na mbili, kisha kumi na nne.
Mwenye jumba aliogopa namba.
"Kumi na tatu alikaa nani?" anauliza Fumo.
Haikuwapo, Fumo.
"Basi jumba lilikuwa linasema urongo."
Kidogo. Kama wewe unapotaja umri wako
penye bembea za Idi.

Baba yangu, Chengo wa Ndoro, alivaa sare ya vifungo vya shaba
akakaa juu ya stuli ndani ya lifti miaka kumi na tisa,
akipanda na kushuka bila kwenda popote.
Jumapili, ofisi zimefungwa, watu walikuja kutoka Likoni, Jomvu, Kisauni,
hawana shida na mtu, wanataka kupandishwa tu.
Bi harusi mmoja wa Kuze aliletwa na mashangazi saba,
hina haijakauka, mikono juu kama aliyesalimu amri,
na mwili ulipopanda tumbo likabaki chini
alicheka hadi shangazi mkubwa akamfinya.
Baba alirudi nacho kicheko kile nyumbani,
akatuigizia, muhogo ukapoa sahanini.

Kivuli sasa. Andikeni hili, kitabuni halimo.
Saa kumi na dakika kumi kivuli cha Kumi na Tano
kilivuka barabara, kikapanda barazani kwa fundi Gulamali,
kikagusa gurudumu la cherehani.
Papo hapo alikata uzi, akafunika mashine.
Suruali yako ina mguu mmoja? Njoo kesho.

"Ticha, lililipuliwa? Buum?"
Wote wameinuka.
Poleni. Hapakuwa na buum.
Waliojenga walichota mchanga ufuoni, hawakuuosha;
chumvi ikalala ndani ya zege pamoja na nondo,
mgeni mpole asiyeaga, akila taratibu,
mpaka siku moja kipande cha dari kikaangukia
meza ya karani aliyekuwa ametoka kuswali.
Ndipo wakaja watu wa kofia za manjano, wakalipunguza
kwa nyundo, kuanzia juu, miezi kumi na mmoja.
Kila wiki mbingu iliongezeka kidogo.
Kivuli kikafupika, kikashindwa kuvuka barabara.
Fundi Gulamali akashona hadi usiku, hajui pa kukomea,
mkewe akamtuma mtoto aje amchukue.

Mnapiga miayo. Haya, simameni.
Maneno yangu hayafiki juu; tutalilaza.
Hatua sita za Kadzo ni ghorofa moja.
Rehmat, wewe ni ya kwanza, penye duka la miwani.
Kadzo ya pili. Songa. Songa tena, pita hiyo pikipiki.
Mkamba kumi na mbili, Zulekha kumi na nne,
na Sidi kumi na tano, kule ukutani penye pipa la taka,
anapunga mkono kama mtu aliye juu kweli.

Darasa lina watoto kumi na watano.
Fumo amebaki kando yangu, hana ghorofa.
Anaufuata mstari akinong'ona namba,
anafika kati ya Mkamba na Zulekha. Hapana nafasi.
"Sogeeni," anasema.
Wanasogea. Zulekha hatua sita, na Sidi hatua sita,
Sidi imembidi aparamie ukuta.

Gari jeupe linapiga honi langoni.
Mlinzi ananiuliza kwa kidevu.
Ngoja kidogo, namwambia,
lifti inashuka.